Mbao ya lini?

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Unauliza kama kaunta ya chai unayotaka kujijengea jikoni kwako hapo Kigoma uifanye ya mninga au ya paini. Mimi nakuuliza kwanza: mbao ya lini? Mninga uliopasuliwa wiki jana ni mbaya kuliko paini iliyokaa mwaka mzima kivulini.

Ile kaunta yetu ya Isevya, hapa Tabora, unaikumbuka. Muuzaji aliapa kuwa mbao ni kavu, nami nikamwamini kwa kupapasa juu tu. Nikaziunga mbili kwa gundi mwezi wa pili, mvua zikinyesha, nikazikaza kwenye chuma kwa skrubu mbele na nyuma. Kufika Agosti pale kwenye kiungo pana ufa wa kupitisha penseli. Yako ilidumbukia humo ukifanya hesabu, ukalia, na mpaka leo naona uchungu. Mninga haukuwa na kosa. Mbao ikikauka husinyaa kwa upana, na mimi nilikuwa nimeibana kote, ikakosa pa kwenda ikaachia.

Kwa hiyo zipange mbao kivulini, kila moja ikitenganishwa na nyingine kwa vipande vya fito ili upepo upite. Ya unene wa inchi moja huhitaji kama mwaka. Ya inchi mbili, zaidi. Usipapase, pima: iweke mbao yenyewe kwenye mizani kila wiki mbili. Kilo zikiacha kushuka, anza kazi.

Kila mtu anataka sentimita 60 za kukaa, basi ninyi wawili ni 120. Upana 40, yaani mbao mbili za 20. Kimo 90, sawa na meza yako ya kupikia, na stuli za 65, ili mapaja yapate nafasi. Braketi tatu za chuma cha L: mbili mwishoni, moja katikati, maana ukiiweka penginepo itamgonga mtu goti. Kwenye kila braketi tundu la nyuma liwe la kawaida, la mbele fundi wa kuchomelea alitanue liwe refu milimita 10, kuelekea ukutani, ili skrubu iteleze mbao ikivimba na kusinyaa. Hilo tundu ndilo nililokosa mimi.

Gonga ukuta wako kabla ya kununua plagi za kushikia skrubu ukutani. Tofali la kuchoma lililojengewa saruji litashika: toboa kwa keekee ya milimita 10, uvuke plasta uingie kwenye tofali lenyewe. Kama limejengewa udongo, achana na plagi, isimamishe kwa miguu minne.

Vanishi paka mara tatu, juu na chini na kwenye vichwa vya mbao. Wengi huacha chini kwa kuwa hakuonekani. Upande mmoja ukinywa unyevu na mwingine umezibwa, mbao hukunjika kama sahani, nawe uko karibu na ziwa.

Utasema paini ni nyepesi na nafuu. Kweli. Na kwa nyumba ya kupanga labda ingetosha... hapana, sufuria ikidondoka huacha shimo, na mchwa huipenda. Lakini ni rahisi kuiranda kwa mkono, na wewe unafanya mwenyewe. Mbao ya lini, mwanangu, ndilo swali.

Jiko ni lako, sitakuamulia. Ila darini kwangu kuna mbao mbili za mninga, nilizipima tena Jumapili na kilo hazijashuka tangu Juni. Ukizitaka niambie mapema, nianze kufuatilia kibali cha kusafirisha mazao ya misitu.

Baba yako,
Tabora