Usiguse kigurudumu cha dripu

Mtoto wa mdogo wangu alikuwa na miaka minne tulipomkimbiza mjini Kigoma kutoka Kalinzi, akiwa ameshapata degedege mara mbili njiani. Malaria kali. Wodini nesi alimpima sukari kwa tone la damu, akamchoma artesuneti, dawa ya malaria kali, akamwekea mpira wa oksijeni puani, kisha akatundika dripu. Basi dripu ile ikawa inadondoka tone, kimya, tone. Mama akaninong'oneza, "Huyu mtoto hapewi maji, wanamwacha tu." Nikanyoosha mkono nifungue kile kigurudumu cha kwenye mpira, maji yashuke haraka.

Nesi alinidaka mkono. "Mama, hapana. Yakiingia kwa mkupuo yanaweza kumuua."

Sikumwamini, nikamfokea mbele ya wagonjwa. Ni baada ya kutoka hospitali ndipo nilipokaa nikasoma, na ninayoandika hapa ningependa kila mwenye mgonjwa ayajue kabla ya usiku kama ule.

Kati ya 2009 na 2011 watoto 3,141 waliingizwa kwenye utafiti ulioitwa FEAST, katika hospitali za Kenya, Uganda na hapa kwetu Tanzania, Muheza. Wote walikuwa na homa kali na damu haizunguki vizuri. Wengine walimiminiwa maji mengi ya mshipani ndani ya saa ya kwanza, kama ilivyozoeleka katika nchi tajiri. Wengine walipewa ya kudondoka taratibu tu. Watu walitarajia wa kwanza wapone zaidi. Ndani ya saa 48 walifariki karibu 11 katika kila 100 waliomiminiwa, na 7 katika kila 100 wa taratibu. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake. Nilipofika hapo niliweka simu chini. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kigurudumu.

Msinielewe vibaya: mwenye kuharisha ni habari nyingine, na watoto wa kuharisha hawakuingizwa kwenye utafiti ule. Kigoma tunakijua kipindupindu, tulikiona kijijini Kagunga mwaka 2015. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji maji mengi, tena upesi. Ndiyo maana kasi ya dripu ni uamuzi wa aliyempima, hata kama bibi wa mtoto analia pembeni.

Kazi yako wewe ni kutazama. Utafiti uliofanyika katika nchi 22 za Afrika, ukachapishwa 2025, ulikuta mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa yuko mahututi, na wengi wao wamelala wodi za kawaida, si ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi. Wodi ya kawaida usiku nesi ni mmoja na vitanda ni vingi. Macho yako yana thamani kubwa hapo.

Hesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, kifua kikiwa wazi. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 na kuendelea ni nyingi. Ukimwita nesi mpe namba hiyo. "Anapumua vibaya" haimsaidii sana. Kama mtoto amelegea ghafla, omba sukari ipimwe tena, maana malaria kali huishusha. Mikono ikipoa, kifua kikibonyea, degedege likirudi, usingoje kukuche.

Na kile kifaa cha kubana kidoleni, kinachopima oksijeni: futeni rangi ya kucha, mpasheni mtoto vidole joto. Hata hivyo kisitulaze usingizi. Utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kwamba kwa watu weusi kinaweza kusoma oksijeni nzuri wakati damu yenyewe ina upungufu, na hilo liliwapata karibu mara tatu zaidi ya weupe. Mtoto akihangaika kupumua, sema, hata kama namba ni nzuri.

Usiku ule, baada ya kumwomba nesi radhi, niliomba kalamu nikawa naandika nyuma ya daftari la kliniki. Saa sita pumzi 58. Saa nane, 52. Saa kumi, 46. Jua lilipochomoza zilikuwa 38, na mtoto akaomba uji.