Zile dola 36,000 kwenye cheti changu si hela: jibu kwa ndugu zangu wa Moshi

Shikamoo baba mdogo, na salamu kwa wote mliouliza baada yake. Swali nimelisoma vizuri: ni kweli serikali ya Marekani inampa nyumba kila aliyetumikia jeshi lake? Na kama mimi nina cheti cha haki ya mkopo wa nyumba kwa waliotumikia jeshi, kilichoandikwa dola 36,000, kwa nini sijawajengea wazee? Picha ya cheti hicho ilitoka kwa mke wangu kwenda kwa dada yake, ikasambaa ukoo mzima. Nitajibu wazi, maana najua wapo wanaoamini nimekalia hela.

Serikali haikunipa nyumba. Nyumba ninayokaa hapa Killeen, Texas, jirani na kambi ya Fort Hood, ni ya mkopo wa benki wa miaka 30, na nikiacha kulipa itanadiwa kama ya mtu mwingine yeyote. Serikali ilichofanya ni kunidhamini. Mpango huu ulianza mwaka 1944, Rais Franklin Roosevelt aliposaini sheria ya kuwasaidia askari waliokuwa wakirudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia. Idara ya Maveterani, yaani ya wanajeshi wa zamani, inaiahidi benki kwamba mkopaji akishindwa, sehemu ya hasara itabebwa na idara, na sehemu hiyo kwa kawaida ni robo ya mkopo. Kwa sababu ya ahadi hiyo benki hukubali kukopesha bila kianzio, yaani fedha ambazo mnunuzi hutoa mwenyewe mwanzoni. Kwa nyumba ya dola 300,000, mtu mwingine akitaka kuweka kianzio cha asilimia 20 anatafuta dola 60,000 taslimu. Akiweka pungufu ya hapo, kwa kawaida anatozwa bima ya mkopo kila mwezi. Sisi tumesamehewa yote mawili, na hilo ni jambo kubwa, sitalipunguza.

Sasa zile dola 36,000. Hicho ni kiwango cha msingi cha dhamana, na utakikuta kwenye cheti cha karibu kila mwenye haki kamili, yaani haki isiyofungwa kwenye mkopo mwingine. Hakiingii mfukoni wala benki. Wala si bei ya juu ya nyumba: mkopo ukizidi dola 144,000, dhamana inahesabiwa kama robo ya mkopo wenyewe, na tangu Januari 2020 mwenye haki kamili hawekewi kikomo cha mkopo na serikali. Kinachomwekea kikomo ni mshahara wake.

Cheti chenyewe, ambacho huku tunakiita COE, kinathibitisha jambo moja tu: kwamba nilitumikia muda unaotakiwa na nikaondoka kwa sifa inayokubalika. Kwa sisi tulioingia jeshini miaka hii, ni miezi 24 mfululizo, au muda wote ulioitwa kutumikia usiopungua siku 90. Aliyeondolewa mapema kwa ulemavu alioupata kazini naye hufikiriwa. Aliye kazini bado anahitaji siku 90 mfululizo, na ushahidi wake ni barua ya kikosi yenye sahihi ya kamanda au ofisa utumishi, ikionyesha tarehe aliyoingia. Wa jeshi la akiba wana hesabu yao, mara nyingi miaka sita.

Ukishatoka, ushahidi ni fomu ya kuondoka jeshini inayoitwa DD-214. Hii naisema kwa wapwa zangu walioko huku, waitunze kama cheti cha kuzaliwa. Ina nakala kadhaa, na moja ni fupi, haina sehemu ya chini. Sehemu hiyo ya chini ndiyo inayotafutwa: kisanduku cha 24 kinaeleza sifa ya utumishi wako, cha 28 sababu ya kuondoka. Mrundi mmoja tuliyekuwa naye kikosini alipeleka ile fupi kwa mkopeshaji, akaambiwa haitoshi, na muuza nyumba hakumsubiri. Nakala ya nne ndiyo yenye kila kitu. Aliyefukuzwa kwa fedheha hapati kitu, na wale wa katikati, ambao hawakutoka kwa heshima wala kwa fedheha, faili zao huchunguzwa moja moja.

Halafu majina. Sisi tuna matatu, na kila ofisi inayapanga inavyotaka. Jeshi linaanza na la ukoo, benki inaruka la katikati, na ofisi nyingine inayaunganisha mawili yakawa moja. Taarifa zikifanana, mkopeshaji anaweza kukitoa cheti kwenye mfumo wa idara ndani ya dakika chache. Zisipofanana, unaanza kuwabembelezea watu karatasi. Rekebisheni majina mkiwa bado na sare, wakati ofisi ya utumishi ya kikosi iko hatua chache kutoka bwenini.

Ukishakuwa na cheti, benki ndiyo kwanza inaanza kukuchambua. Huku kila mtu ana alama inayoonyesha alivyolipa madeni yake; idara haijaweka kiwango cha chini cha alama hiyo, lakini wakopeshaji wengi wanataka kama 620. Wanaangalia pia kitakachobaki mkononi kila mwezi baada ya marejesho, kodi na madeni, kulingana na ukubwa wa familia. Kijana aliyetoka jeshini na deni la gari la kifahari anakwama hapo, cheti kikiwa mkononi. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, lakini kodi ya majengo, anayolipa mwenye nyumba, ni kali, na kila mwezi inakatwa kwenye marejesho hayo hayo pamoja na bima.

Iko pia ada ya serikali. Kwa anayetumia haki hii mara ya kwanza bila kianzio ni asilimia 2.15, yaani dola 6,450 kwa nyumba ile ya 300,000, na watu wengi huijumlisha kwenye deni. Mimi sikuilipa. Wanaolipwa fidia ya madhara waliyoyapata jeshini wamesamehewa, na mimi ni mmoja wao. Sikio langu la kulia lina mlio usiokatika, usiku na mchana. Mke wangu akiongea upande huo inabidi nigeuke. Goti halipandi ngazi vizuri wakati wa baridi. Haya sikuyasema kwenye simu kwa sababu mama angekosa usingizi, lakini mkiihesabu nyumba yangu, yahesabuni na haya.

Kuhusu Moshi: mkopo huu ni wa nyumba iliyoko Marekani au kwenye maeneo yaliyo chini yake, na sharti niishi humo mwenyewe, kwa kawaida nihamie ndani ya siku 60. Siwezi kuuhamishia kiwanja cha huko, wala kumwazima mdogo wangu cheti. Nikifa kwa jambo lililotokana na jeshi, mke wangu anaweza kuomba cheti chake akitimiza masharti. Wazazi na ndugu hawamo. Nitakachowajengea wazee kitatoka kwenye mshahara, kidogo kidogo, na nitawaambia kila kinapopatikana.

Na wewe mpwa wangu uliyeandika kwamba utakuja kujiunga ili upate nyumba: viza ya kutembelea haikupeleki jeshini, kwa kawaida unahitaji kwanza makazi ya kudumu, ile greenkadi. Ukiipata, usisaini mkataba wowote kabla hatujaongea. Nipigie Jumapili jioni ya kwenu, huku inakuwa asubuhi. Tuko nyuma yenu kwa saa nane au tisa, kutegemea msimu. Tutausoma mkataba pamoja, na nitakueleza miaka yenyewe ilivyokuwa.