Safari ikifutwa, nani aambiwe kwanza?

SWALI: Nafanya kazi kitengo cha mawasiliano cha shirika la ndege. Kila safari ikifutwa tunabishana: tuanze na abiria au na wafanyakazi wenzetu? Na je, wafanyakazi tunaweza kuwaeleza tofauti na tunavyowaeleza abiria?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Anzeni na wafanyakazi, ila mpishane kwa dakika, si kwa saa. Waratibu wa safari wakishaamua, ujumbe uende getini, kituo cha simu na kwa wahudumu wa ndege. Dakika tano baadaye abiria wapate meseji. Mkiwaruka wafanyakazi, abiria atamwonyesha simu mtu wa getini ambaye skrini yake bado inasema safari ipo, na baada ya hapo lolote atakalosema halitaaminika.

Swali la pili ndilo zito. Tarehe 9 Aprili 2017, uwanja wa O'Hare, Chicago, maafisa wa usalama walimburuta abiria David Dao nje ya ndege ya United Express iendayo Louisville, ili wafanyakazi wanne wa ndege wapate viti. Kesho yake mkurugenzi mtendaji wa United, Oscar Munoz, aliuomba umma radhi kwa kulazimika kuwahamishia abiria safari nyingine, huku barua yake kwa wafanyakazi ikimwita Dao msumbufu na mgomvi. Barua ikavuja. Tarehe 11 aliomba radhi ya kweli, lakini watu walikuwa wameshaisoma ile ya ndani. Basi kila waraka wa ndani uandikeni mkijua utasomwa nje. Wafanyakazi wapeni maelezo zaidi, kama hoteli ni ipi na nani ana idhini ya kubadili tiketi, lakini sababu ya tukio iwe ileile, neno kwa neno.

Meseji ya abiria itaje namba ya safari, kilichotokea, afanye nini, na saa ya taarifa inayofuata. Saa mpya ya kuondoka kama haijulikani, msiikisie. Saa ziandikeni kama zilivyo kwenye tiketi, 16:30, maana "saa 4:30" mmoja ataisoma kwa Kiswahili na mwingine kwa Kizungu. Meseji moja hubeba herufi 160. Ikiingia emoji au alama ya kunukuu iliyopinda, hushuka hadi 70 na ujumbe hukatwa vipande.

Meseji nyingi hupotelea kwa wakala wa tiketi aliyejaza namba yake badala ya ya abiria. Siku tatu kabla ya safari, kagueni sehemu ya CTCM kwenye bukingi, yaani panapojazwa namba ya simu ya abiria: namba moja ikijirudia mara nyingi, huenda ni ya wakala, mdaini za abiria. Namba inayoanza na 07 bila 255 nayo inaweza isifike.

Na kabla ya kutangaza safari imefutwa, zimeni meseji ambazo mfumo hujitumia wenyewe, la sivyo abiria huyohuyo atakumbushwa kuwahi getini.