Kabla ya kununua dawa ya minyoo ya kuku, fungua utumbo

Wengi wanaoanza kufuga kuku wa kienyeji au chotara hapa Mwanza huingia duka la dawa za mifugo na ombi moja tu: "Nipe dawa ya minyoo ya kuku." Muuzaji anatoa pakiti, dawa inakorogwa kwenye ndoo, na baada ya mwezi kuku ni walewale. Kidari kimekonda, upanga umepauka, mayai ni ya kuokoteza. Hapo mtu anasema ameuziwa dawa feki. Huenda ni kweli, lakini mara nyingi dawa ilikuwa nzima. Ilipelekwa kwa aina ya minyoo ambayo haiiui, au haikufika tumboni mwa kuku kwa kiasi cha kutosha, au ilifanya kazi yake yote na uwanja ukarudisha minyoo upya. Nakuandikia wewe mwenye kuku kumi au thelathini nyuma ya nyumba, Buhongwa, Igoma, Kisesa, popote, usije ukapoteza pesa na kuku kwa mambo yanayozuilika.

Anza kwa kujua una minyoo gani. Siku unapochinja kuku wa wageni, usitupe utumbo kabla ya kuutazama. Ulaze kwenye sinia, chukua mkasi na uupasue taratibu kuanzia unapotoka kwenye firigisi kwenda chini, huku ukimwagia maji kidogo ili uchafu usogee. Katika utumbo mwembamba utakuta minyoo duara mikubwa kama ipo: meupe, unene wa tambi, urefu wa sentimita 5 hadi 12, imejikunja na wakati mwingine bado inacheza. Ikiwa mingi huziba njia kabisa, na kuku anakufa huku ulikuwa unamlisha vizuri. Tegu ni tofauti. Ni bapa, ana pingili, na kichwa chake kimeng'ang'ania ukutani mwa utumbo, kwa hiyo ukimvuta anakatika. Aina mojawapo ya tegu huacha vinundu kwenye utumbo, na anayeviona mara ya kwanza hudhani ni kifua kikuu cha kuku.

Kisha tazama vile vifuko viwili virefu vilivyoota pembeni, karibu na mwisho wa utumbo. Vikate ncha. Humo kuna minyoo midogo ya kama sentimita moja, ambayo kuku wengi huishi nayo bila shida kubwa. Lakini mayai ya minyoo hiyo hubeba kijidudu kinachoshambulia ini la bata mzinga na kumuua. Kama unawaza kuleta bata mzinga, usiwachanganye na kuku uwanja mmoja hata kama nafasi ni finyu.

Ipo pia minyoo myembamba mithili ya nywele ambayo macho yanaikosa. Kwa hiyo kama utumbo unaonekana safi na kuku wanazidi kukonda, peleka kinyesi kibichi kwenye maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, ina kituo Mwanza, na afisa mifugo wa kata yako atakuelekeza namna ya kufungasha. Usipokuwa na kuku wa kuchinja, inama asubuhi chini ya vichanja: tegu hujitangaza kwa vipande vidogo vyeupe vinavyojisogeza kwenye kinyesi ambacho hakijakauka.

Hapa nisisitize jambo linalomaliza vifaranga wengi kila mvua zinapoanza. Kifaranga wa wiki 3 hadi 6 anayejikunyata, mabawa yameshuka, anaharisha damu, usimkimbilizie dawa ya minyoo. Hiyo kwa kawaida ni koksidiosisi. Kinachomuumiza ni kijidudu kisichoonekana kwa macho, na dawa ya minyoo haikigusi. Anahitaji dawa kama amprolium, na apewe siku hiyohiyo, maana siku mbili za kusubiri zinatosha kupoteza nusu ya kundi. Wakati wa kutumia amprolium acha kwanza vitamini zenye B1, kwa sababu dawa hiyo hufanya kazi kwa kumnyima kijidudu hiyo B1. Na ukiona kuku wa rika zote wanakufa kwa mkupuo, wengine shingo zimepinda, kinyesi cha kijani, huo ni mdondo mpaka ithibitike vinginevyo. Funga banda, usiuze, usimpe jirani nyama, mpigie afisa mifugo.

Sasa dawa. Piperazine ni rahisi kupatikana na huyeyuka vizuri kwenye maji, lakini inaondoa minyoo duara mikubwa iliyokomaa tu. Michanga iliyojichimbia kwenye ukuta wa utumbo inabaki, ndiyo maana hurudiwa baada ya wiki kadhaa kama kibandiko kinavyoelekeza. Levamisole inagusa aina nyingi zaidi za minyoo duara, ila dozi ikizidi sana ni sumu, kwa hiyo usikisie kwa kifuniko cha soda. Zote mbili haziui tegu. Kwa tegu muulize afisa mifugo kuhusu niclosamide au praziquantel. Albendazole na fenbendazole ni za kundi moja, zina uwezo mpana, na albendazole ndiyo utakayoiona zaidi madukani. Fenbendazole usiwape kuku wanaobadilisha manyoya, mapya yataota yamepinda.

Mbegu za papai, shubiri, mwarobaini, pilipili: najua kila nyumba ina yake. Simzuii mtu kuwapa kuku wazima, ila kundi lenye tegu na vidari vilivyochongoka halitapona kwa hayo, na muda unaopotea ni wa kuku.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye maji. Albendazole haiyeyuki. Koroga kwenye ndoo, iache nusu saa, uchungulie: juu maji yameanza kung'aa, chini kumetuama unga mweupe. Kuku wa kwanza wanakunywa maji karibu matupu, na dawa unaimwaga wakati wa kuosha chombo. Kwa kundi dogo ni bora kumnywesha kila mmoja mdomoni kwa bomba la sindano lililotolewa sindano. Fanya jioni wakiwa wamepanda kwenye vichanja, hawasumbui. Tikisa chupa kila unapovuta dawa. Ingiza bomba pembeni mwa mdomo, toa tone kwa tone na umwache ameze, kwa sababu tundu la pumzi liko nyuma kidogo tu ya ulimi na ukimimina kwa pupa dawa inaingia kwenye mapafu. Kabla ya hapo pima uzito kwa mzani wa ndoano na kikapu. Tetea wa kienyeji wa kilo 1.3 na jogoo chotara wa kilo 3 hawawezi kupewa kiasi kimoja.

Kwa dawa inayoyeyuka, ondoa maji jioni na uwape yenye dawa alfajiri kabla jua halijapanda. Kuku mkubwa hunywa kama mililita 200 kwa siku, na joto la hapa linaongeza. Kuku 20 wanahitaji basi lita 4 au zaidi kwa siku nzima. Kama maelekezo ya dawa yanaruhusu, weka dozi yao yote kwenye lita 2 watakazomaliza asubuhi, kisha ndipo uwape maji safi. Usiwafungulie kabla hawajamaliza. Kuku aliyetoka anakunywa kwenye karo la vyombo au dimbwi la jirani, na dawa yako inabaki bandani. Weka vyombo viwili vitatu mbalimbali, maana wanyonge ndio wenye minyoo mingi na ndio wanaofukuzwa kwenye chombo.

Halafu ardhi. Mayai ya minyoo duara yakitoka na kinyesi huhitaji joto na unyevu, na kwa hali ya hewa yetu wiki mbili hivi zinatosha kuwa tayari kuambukiza. Yakipata udongo wenye kivuli huweza kukaa zaidi ya mwaka, na dawa nyingi za kusafishia banda hayazijali. Yanachokiogopa ni ukavu na jua kali. Ndiyo maana masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba ni misimu ya kuongeza umakini. Wanaoishi kwenye miinuko ya mawe, Mabatini au Igogo, wana shida ya ziada: mvua inashusha kinyesi cha kuku wa juu mpaka uwanja wa chini, na ule udongo ulionaswa katikati ya mawe haukauki upesi. Chimba mfereji mdogo juu ya banda uyaelekeze maji kwingine.

Siku mbili tatu baada ya dawa, fagia kinyesi chote, maana minyoo inayotoka imebeba mayai, na ukichome au ukifukie mbali. Badilisha pumba za mpunga au maranda yote. Mahindi usiyamwage kwenye udongo wenye unyevu, tumia chombo kilichoinuliwa. Vifaranga uwatenge na wakubwa, kwa sababu kuku mkubwa hubeba minyoo bila kuonyesha na kifaranga ndiye anayeumia.

Kuna wanaoacha kulisha dagaa wakiamini wanaleta tegu. Dagaa wa Mwaloni Kirumba waliokauka vizuri hawana kosa, na kuku anayepata protini ya kutosha hustahimili minyoo kuliko anayeshindia pumba tupu. Tegu wa kuku hupitia kwa wadudu: wengine sisimizi, wengine mbawakawa, na aina mojawapo hupitia kwa nzi wa kawaida. Kwa hiyo kinachohitaji uangalifu ni gunia la dagaa lililoloa na kukusanya nzi mlangoni mwa banda. Litundike, lifunge, na uondoe mbao na mawe yaliyolundikana ambapo mbawakawa hujificha.

Dozi ya kwanza wape wakiwa na miezi miwili hivi, kisha kila miezi mitatu. Ratiba hii inaoana na chanjo ya mdondo ya I-2, inayorudiwa pia kila miezi mitatu: wape dawa ya minyoo wiki moja au mbili kabla, ili chanjo imkute kuku mwenye nguvu. Soma kwenye kibandiko siku za kuacha kula mayai na nyama, na uzifuate hata kama mama lishe amekuja na trei mkononi. Kama dawa haikuandikiwa kuku wa mayai, uliza kabla ya kuifungua.

Baada ya wiki mbili chinja mmoja aliyekuwa amedhoofu na uupasue tena utumbo wake. Ukikuta minyoo duara imeisha na tegu bado wameng'ang'ania, rudi dukani ukiwa na jina la dawa uliyotumia na uombe ya tegu. Ukikuta ile mikubwa bado ipo na imekomaa, kagua kwanza uzito uliopima na namna ulivyonywesha, kisha peleka kinyesi maabara kabla ya kurudia dozi.