Nyanya, vidonge na saratani: maswali yenu ya wiki hii

Tangu ile sauti ya "nyanya mbili za asubuhi" ianze kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mwanza, maswali yamekuwa mengi. Nimechukua manne.

Shikamoo. Mimi ni mama lishe, Kirumba Mwaloni. Sauti inasema nyanya mbili mbichi kila asubuhi zinazuia saratani ya tezi dume, na kwamba Wamarekani wameshathibitisha. Mume wangu ana miaka 58. Nimpe?

Marahaba, mama. Mpe, maana nyanya ni chakula kizuri. Ila usimpe kama kinga.

Habari hiyo ina chanzo. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 wa fani za afya nchini Marekani. Waliokula nyanya mara nyingi, hasa zilizopikwa zikawa sosi, walipata saratani ya tezi dume kwa kiwango kidogo kuliko waliozila mara chache. Lakini hakuna aliyewagawia nyanya. Waliulizwa tu wanakula nini.

Sasa angalia wateja wako. Yupo anayekuja kila mchana kula ugali, sato wa mchuzi na mchicha. Yupo anayeshindia chipsi na sigara. Miaka 10 ikipita, yule wa kwanza akawa na afya njema, utasema ni ile nyanya ya kwenye mchuzi? Huenda ni mchicha. Huenda ni kwa sababu havuti, au ana kipato cha kumwezesha kupima mapema. Watafiti hujitahidi kuzitenganisha sababu hizi kwa hesabu, na bado nyingine hubaki zimejificha humo humo.

Na hao Wamarekani hawakuthibitisha. Mwaka 2005 mamlaka yao ya chakula na dawa ilipitia tafiti zilizokuwepo, ikaona hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba likopeni, ile rangi nyekundu ya nyanya, inapunguza saratani. Kuhusu nyanya zenyewe na tezi dume, ikasema ushahidi ni mdogo na wa awali mno.

Kwa umri wa mzee, ningependa aongee na daktari kuhusu kupima tezi dume, hata kama hajisikii chochote, kwa sababu saratani hii mwanzoni huwa kimya. Na kama ameanza kuamka usiku mara nyingi kukojoa, au mkojo unakatika katika, asingoje.

Kuna mtu anapita ofisini kwetu Nyakato akiuza vidonge vya antioksidanti. Anasema kimoja ni sawa na ndoo ya nyanya, na kwa kuwa navuta sigara vitanisafisha mapafu. Kweli?

Usivinunue, kaka. Wewe unayevuta ndiye ninayekuhofia zaidi.

Mwili ukitumia hewa na chakula hutoa chembe zinazoweza kuharibu vinasaba. Moshi wa sigara huziongeza. Antioksidanti huzituliza, na kwenye chupa ya maabara kazi hiyo inaonekana vizuri kabisa. Ndiyo maana wengi waliamini kwamba ukimeza nyingi utakingwa zaidi. Ikabidi ipimwe kwa watu. Nchini Finland wanaume 29,133 wavutaji waligawanywa kwa kura: wengine wakapewa vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya karoti na viazi lishe, wengine vidonge visivyo nayo, na hakuna aliyejua anameza nini. Majibu yalitoka mwaka 1994. Waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Marekani nao walikuwa na jaribio la watu 18,314, wengi wao wavutaji au waliowahi kuvuta. Lilisimamishwa Januari 1996 kabla ya muda wake, kwa sababu waliopewa beta-karotini pamoja na vitamini A walikuwa wakiugua saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 28.

Kiazi lishe hakijamdhuru mtu. Rangi yake ikitolewa, ikakolezwa ndani ya kidonge na kumezwa kila siku kwa miaka, inakuwa kitu kingine.

Muuzaji akirudi, muulize: walipewa watu au panya? Watu wangapi? Waligawanywa kwa kura? Na hela ya vidonge iweke. Kuacha sigara ndiko kutakakoyasaidia mapafu yako.

Nalima mpunga Misungwi. Mwisho wa kukojoa natoa damu kidogo. Jirani ananiambia ninywe juisi ya nyanya.

Ndugu yangu, nenda kituo cha afya kesho. Swali lako limenikosesha usingizi.

Kwa mkulima wa majaruba, cha kwanza kufikiria ni kichocho cha kibofu. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majarubani na malamboni, huingia kupitia ngozi, na mayai yake hunasa kwenye ukuta wa kibofu. Kikikaa miaka bila kutibiwa kinaweza kuleta saratani ya kibofu, na hilo limethibitishwa, si la kudokezwa kama la nyanya. Dawa yake, prazikwanteli, ni vidonge unavyopewa kulingana na uzito au kimo. Mkojo wa kupima utoe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ndipo mayai hutoka kwa wingi. Kama si kichocho, au umetibiwa na damu bado inaonekana, omba rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando.

Nyanya mbichi au ya kupikwa?

Zote. Kachumbari inakupa vitamini C zaidi, kwani moto huipunguza. Likopeni nayo hutoka vizuri nyanya ikipikwa, na mwili huifyonza pakiwa na mafuta. Kaanga kitunguu, tia nyanya, acha ziive mpaka mafuta yaanze kujitenga pembeni mwa sufuria, ndipo uweke dagaa. Kijiko kimoja cha alizeti kinatosha.