Shangazi Anajibu: Hicho kitu juu ya kabati unamwekea nani?

Barua za mwezi huu nyingi zinalia kilio kimoja, pesa haifiki tarehe 30 na nyumba imejaa vitu. Nimechukua nne, na hii ya kwanza nimeisoma mara tatu.

Shangazi shikamoo. Kodi ilitushinda tukahama nyumba ya vyumba viwili, saa hii tuko muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga, hapa Kawempe, Kampala. Vitu vimejaa mpaka mtoto analala sufuria ziko juu ya kichwa chake. Kuna kitanda cha mtoto, nguo za watoto mifuko mitatu, viatu, na friji ndogo ambayo umeme wake hatuuwezi. Mume wangu anasema tukiuza majirani watajua tumeishiwa. Nifanyeje? – Mama wa wawili, Kawempe

Marahaba binti yangu, poleni na kuhama. Mwambie baba watoto hivi, kwa upole: majirani walishajua siku ile mlipofika na vitu vyote juu ya pikap, na nusu yao walihamia hapo kwa sababu hiyohiyo. Sasa ile aibu anayoilinda inawala nyinyi, maana friji imekaa, kitanda kimekaa, na duka la chini mnakopa sukari.

Anza na kitanda. Kitanda cha mtoto hakitafuti mtu yeyote tu, kinatafuta mama mwenye mimba, na huyo unajua anapatikana wapi, yuko kliniki siku ya chanjo, yuko saluni, yuko msikitini au kanisani, yuko kwenye grupu la WhatsApp la wazazi wa shule. Kioshe kwa sabuni, kianike juani siku nzima, alafu ukipige picha asubuhi mlangoni penye mwanga na nyuma yake utundike shuka safi ili mtu asione ndoo na majiko. Picha ya pili iwe ya ile sehemu iliyokwaruzika. Ndiyo, ionyeshe! Mnunuzi akiuona ubovu kwenye picha anakuja ameshakubali, akiukuta mlangoni kwako anakata bei nusu na mnaishia kununiana.

Bei usiitoe kichwani kwa kukumbuka mlinunua shilingi ngapi, hiyo ilishaenda. Pita soko la Owino hapo Kampala uulize kama unanunua wewe, alafu weka chini kidogo ya hapo, kwa sababu Owino mtu anachagua kati ya kumi na kwako kipo kimoja. Nguo za watoto usiuze moja moja utachoka, zifunge kwa umri, mfuko wa miezi 6 mpaka mwaka 1, mfuko wa miaka 2, rudishia vifungo vilivyodondoka, kitu cha dakika tano kinabadilisha mfuko mzima.

Friji nayo ina mambo yake. Mimi niliwahi kununua friji kwa mtu, akaichomeka mbele yangu, taa ikawaka ndani, injini ikanguruma, nikatoa pesa, kufika nyumbani inanguruma tu na maziwa yanachacha. Kwa hiyo wewe usimfanyie mwenzio hivyo: mnunuzi akisema anakuja, ichomeke masaa mawili kabla, weka kikombe cha maji ndani, akifika anywe hayo maji. Na mwambie kama ataisafirisha imelala, akifika aisimamishe masaa kadhaa ndo aichomeke, la sivyo ataiua halafu atarudi kwako.

Pesa ya simu usiamini meseji, hata kama ina jina na namba na kila kitu, hizo meseji watu wanaziandika wenyewe. Piga *165# kama uko MTN, *185# kama uko Airtel, angalia salio kwa macho yako ndo kitu kitoke mlangoni. Na waje mchana, na usiwe peke yako.

Shangazi, nina laki tano, akiba niliyoweka kutoka kazi ya ujenzi. Nataka kuanza kuuza mitumba, lakini mjomba ananiambia ni kutupa pesa maana Rais alishapiga marufuku. Ni kweli? – Kijana wa Busia

Mjomba hajadanganya, ila hajamaliza habari. Agosti 2023 Rais Museveni akiwa Mbale kwenye viwanda alisema nguo hizi ni za wazungu waliokufa na kwamba zisiingie tena, sote tulisikia, Owino watu walilala na tumbo moto wiki nzima. Lakini belo, yale marobota ya mitumba, zinaendelea kufunguliwa kila asubuhi. Na hii si mara ya kwanza, 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuyaondoa mitumba pole pole, Marekani ikakasirika, wengine wakarudi nyuma, Rwanda peke yake ikashikilia, ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola mpaka dola 2.50 kwa kilo, na 2018 Marekani ikasimamisha nguo za Rwanda kuingia kwake bila ushuru. Wanaotaka viwanda vyetu vya nguo vikue wana hoja, pamba yetu wenyewe inasafirishwa nje bado ni pamba, hilo linaniuma. Ila mama anayevalisha watoto wanne hawezi kungoja kiwanda.

Ninachokuambia ni kwamba kwa sababu mlango unaweza kufungwa siku yoyote, usiweke laki tano yote kwenye belo moja. Belo unainunua imefungwa, ukiikata ukakuta makoti mazito ya baridi na wewe uko Busia kwenye joto, umekwisha. Anza na vipande. Nenda Kampala, fika Owino alfajiri pale wanapokata belo, wewe uchague kipande kwa kipande, laki mbili tu, tatu ibaki. Na chagua kitu kimoja ukijue mpaka usiku, kama ni magauni mepesi ni magauni mepesi, kama ni suruali za watoto ni hizo hizo, masweta waachie wa Kabale kwenye baridi.

Kila kipande kigeuze ndani nje. Kwapa, katikati ya miguu, zipu panda shuka mara tatu, alafu kiinue juu kwenye mwanga, vitundu vya nondo havionekani ukiwa umekilaza. Fua, piga pasi, tundika. Gauni lililokunjamana kwenye turubai na gauni hilohilo limepigwa pasi kwenye henga hazina bei moja, nimeona kwa macho yangu likipanda mara mbili. Kisichotoka wiki tatu shusha bei kitoke, usikipende. Na mzigo wote usiuache kibandani usiku, Owino iliungua 2009 na ikaungua tena 2011, watu wakaamka hawana hata uzi.

Simu za mitumba kijana wangu usiguse bila karatasi. Piga *#06# uone namba zake zinalingana na za kwenye boksi, muandikiane mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, apige mhuri, maana ikigundulika ni ya wizi polisi hawamtafuti aliyekuuzia, wanaanza na wewe uliyeishika.

Shangazi, nilimpa shemeji yangu koti langu zuri, baada ya mwezi nikalikuta limetundikwa sokoni Masaka kwa yule muuza nguo. Nimeumia sana. Tangu siku hiyo nimeapa sitoi kitu. – Baba Masaka

Baba, najua inavyouma, unapita zako sokoni unaona koti lako. Lakini niambie, siku ile ulimpa koti au ulimpa koti na masharti? Kama ulimpa, lilikuwa lake. Labda ada ilikuwa imebaki shilingi 20,000 mtoto arudishwe shule, labda koti halikumtosha mabegani akaona haya kukuambia. Limemsaidia kwa njia aliyoihitaji yeye, na wewe ulitaka limsaidie.

Kinachokuumiza ni kwamba hukuulizwa. Basi safari ijayo sema mapema, "shemeji hili ni lako, hata ukiuza sawa." Utashangaa jinsi mtu anavyopumua. Na kile ambacho moyo wako haujakiachia usikitoe, kiazimishe na useme ni kuazima. Alafu, sisemi wewe, lakini wengi tunafanya: kutoa kitu kichafu au kilichokatika mkanda eti wa kijijini watashona. Kijijini uzi ni hela pia. Fua, shona, kunja, ndo utoe.

Shangazi, mimi mvua zikianza nachuma mboga za majani, dodo na nsugga, na wakati mwingine uyoga, sinunui mboga wiki mbili tatu. Dada yangu ninayekaa naye Bwaise anasema namuaibisha, ati watu wataona hatuna cha kula. Pia ananitisha kwamba nitaleta sumu. – Mchumaji, Bwaise

Mwanangu, dada yako nusu moja amekosea na nusu nyingine amesema kweli, sikiliza zote mbili.

Dodo ni mchicha, nsugga ni mnavu, jobyo ni mgagani. Sokoni Kalerwe unavinunua kwa fungu, na aliyevileta aliviinamia kama wewe. Senene, wale panzi wa kuliwa, wakitoka Novemba watu wenye magari wanasimama barabarani wananunua kwa kikombe, mbona hatuoni aibu? Kule Mbale malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani, yanaliwa kwenye harusi. Kuchuma si njaa, ni kujua.

Lakini Bwaise unachuma wapi? Hapo ndo dada yako ana kweli. Kando ya barabara kubwa usichume, petroli yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, tuliiacha mwanzoni mwa 2006 lakini risasi haiozi, iko kwenye ule udongo na mboga za majani zinaibeba. Kwenye mitaro, au kule mjini kuteremka mfereji wa Nakivubo, usichume kabisa, yale maji ni ya mji mzima, choo na gereji na viwanda, na hakuna kuosha kunakotoa kile kilichoingia kwa mizizi. Chuma uani kwa watu, kwenye shamba la mtu aliyevuna mahindi, kwenye kiwanja kisichojengwa, na omba. Wenye mashamba wengi wanayaona magugu, watakushukuru. Chuma ncha tu, mzizi uache uchipue, wiki ijayo unarudi palepale.

Uyoga ndo naomba unisikie. Ule mdogo mdogo wa kwenye kichuguu, butiko obubaala, kama ulifundishwa na bibi kwa mkono na umeula miaka, haya. Mwingine wowote uache hata kama ni mzuri namna gani. Usiniambie habari ya kuuchemsha na kitunguu uone kama kinageuka rangi, au kwamba wadudu wameula kwa hiyo ni salama, hizo zote ni uongo na zimezika watu, na kuna sumu ambayo moto hauiui. Mbaya zaidi sumu hiyo inangoja, unakula saa moja jioni, unalala vizuri, kutapika kunaanza kesho, alafu unapata nafuu unadhani imepita kumbe ini linaharibika. Mtu akitapika baada ya kula uyoga hospitali siku hiyohiyo, na mabaki ya uyoga uyabebe kwenye mfuko.

Senene ukienda kuwatega kwenye taa usiku, vaa mikono mirefu. Kwenye ule mwanga anakuja pia yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi, akikutembelea shingoni usimpondee hapo, mpulize aende, ukimponda ngozi inaungua kama umemwagiwa maji ya moto. Imekutokea? Sabuni na maji mengi, na usijishike macho.

Na mnavu wa leo jioni: majani tu, tunda la kijani lolote litupe, chemsha, maji ya kwanza yamwage, kaanga kitunguu na nyanya, alafu mimina karanga zilizotwangwa ukiwa unakoroga moto mdogo mpaka mafuta yaanze kuonekana juu. Ukishapakua, ya dada iweke kwenye sahani yake, ifunike, umwachie.