Mume bahili, au wewe ndiye unayenunua sifa?

*Shangazi, mwanangu yuko darasa la pili na kila mwezi ana mwaliko wa bethdei. Mume wangu hataki zawadi izidi elfu kumi. Juzi kulikuwa na bethdei Shanty Town, mtaa wa wenye nazo, nikanunua gari la rimoti la 45,000 kwa hela kidogo ya hisa za kikundi chetu cha vikoba. Amenuna wiki nzima, sasa anakagua hadi pochi yangu. Nifanyeje na mume bahili? Mama wa Wawili, Majengo, Moshi.*

Pole, kununiwa kunachosha. Ila mtaa umeutaja, bei umeitaja, na mtoto mwenye bethdei anapenda nini hujasema. Na hizo hisa umezipitisha harakaharaka. Mumeo hakagui pochi kwa ubahili, mwanangu. Ameshtuka.

Mialiko 12 kwa 45,000 ni 540,000. Kwa elfu kumi ni 120,000. Siku hizi mume akisema tupunguze anaitwa bahili, akikopa ndiyo mwanaume. Januari ada ikidaiwa, wote wawili mnaangalia dari.

Mtoto wa miaka saba hasomi bei. Anachana karatasi, anakimbilia keki. Bei inasomwa na mama yake, na zamu ya mwanao ikifika atajiona anadaiwa 45,000. Hivyo ndivyo darasa zima linavyopandishiana. Bahasha ya hela ni mbaya zaidi, inaingia daftarini kama mchango wa harusi. Na hayo magari, mara nyingi betri hazimo kwenye boksi: mtoto analiangalia tu siku nzima.

Elfu kumi inatosha. Penseli za rangi 12 na kitabu cha kuchora, au mpira. Penseli chukua boksi kadhaa kwa mpigo duka la jumla, weka kabatini. Mfuko wa zawadi wa dukani achana nao. Funga kwa karatasi ya kaki ile ya kufunikia madaftari, weka utepe, kadi achore mwanao. Nguo usinunue, saizi itakuumbua. Binamu au rafiki wa kufa na kuzikana, panda hadi elfu ishirini, mara mbili kwa mwaka basi. Ukitamani kitu kikubwa, mama watatu mchange elfu kumi kumi. Na nauli ya bajaji kwenda na kurudi ihesabu humo humo.

Hela ya hisa irudishe kabla ya siku ya kugawana. Mumeo umwambie wewe, asije akaambiwa na katibu wa kikundi.